Mjadala: Mwanariadha anayekwenda kukimbilia taifa jingine ni msaliti?

MTOA MADA

Agosti 6, 2024, Stade de France. Fainali ya wanawake ya mita 3000 kuruka viunzi na maji imefika mzunguko wa mwisho. Mbele yuko Peruth Chemutai wa Uganda, nyuma yake Winfred Yavi, kisha Faith Cherotich wa Kenya. Kwenye mita za kumalizia Yavi anachomoka, anampita Chemutai na kushinda kwa 8:52.76, rekodi mpya ya Olimpiki. Medali zote tatu zimeendea mabinti waliozaliwa Afrika Mashariki. Yavi kwao ni Makueni, lakini wimbo uliopigwa alipovishwa dhahabu ulikuwa wa Bahrain.

Tangu hapo neno "msaliti" halijatoka midomoni mwa watu. Lilirudi kwa kishindo Septemba 2025 kule Tokyo, Cherotich alipomwacha Yavi nyuma na kutwaa ubingwa wa dunia kwa 8:51.59. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, kwa sababu yule binti amepanda ngazi moja moja: shaba ya dunia Budapest 2023, shaba ya Olimpiki Paris, kisha dhahabu. Lakini nilipoona watu wanaandika kwamba tumelipiza kisasi, nilijiuliza kisasi hicho ni dhidi ya nani.

Naileta mada mezani. Msimamo wangu nausema mapema: mtu mzima anayeamua kwenda kukimbilia nchi nyingine hajamsaliti yeyote. Wa kuhojiwa ni sisi tuliomfanya aone heri kwenda, pamoja na mawakala wanaowafuata watoto ambao hawajafikia umri wa kuamua. Hayo ni mambo mawili, na kila mara tunayachanganya.

Tuanze na wa nne. Kila nchi inaruhusiwa wanariadha watatu kwa kila mbio kwenye Olimpiki. Mataifa mengi hayajazi hata nafasi hizo. Kwetu ni mlango mwembamba. Anayemaliza wa nne kwenye mchujo wa kitaifa pale uwanja wa Nyayo, Nairobi, nyuma ya mabingwa wa dunia, angekuwa nambari moja katika nchi nyingi za Ulaya na Asia. Kamera zinawafuata watatu. Wa nne anavua viatu vya misumari, anavitia kwenye begi, anatafuta matatu ya kurudi Eldoret. Kama hajaajiriwa na Polisi, Magereza au Jeshi, hana mshahara. Idara hizo zimeibeba riadha ya Kenya kwa miongo, na sijui tungekuwa wapi bila hizo, ila nafasi zake hazitoshi na mara nyingi humfikia mtu akishaonekana tayari.

Halafu anatokea mtu mwenye ofa. Stephen Cherono alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola alipokubali kwenda Qatar mwaka 2003 na kuitwa Saif Saaeed Shaheen. Iliripotiwa sana kwamba aliahidiwa dola 1,000 kila mwezi maisha yake yote. Muda mfupi baadaye, kwenye mashindano ya dunia Paris, alimshinda Ezekiel Kemboi kwa chini ya sekunde moja, na kaka yake Abraham Cherono alikuwa kwenye fainali hiyohiyo na jezi ya Kenya. Watu walimcheka kwamba amejiuza kwa bei hiyo. Mimi naitazama dola elfu kwa upande wa pili: bingwa wa Jumuiya ya Madola aliona kwamba uhakika wa kiasi hicho kila mwezi hawezi kuupata kwao.

Kuna na Lornah Kiplagat, ambaye watu hawamtaji katika mabishano haya. Alipata uraia wa Uholanzi mwaka 2003 na akaikimbilia nchi hiyo hadi ubingwa wa dunia wa nusu marathoni. Ni huyohuyo aliyeanzisha kituo cha mazoezi pale Iten ambacho wanariadha wa dunia nzima wanakijua, na uwanja wa tatani uliojengwa kwa juhudi zake na za mumewe uko palepale Iten. Uwanja wa umma wa Kamariny, kilomita chache kutoka hapo, ulibomolewa ili uboreshwe, kisha kazi ikakwama kwa miaka mingi huku vijana wakirudi kukimbia kwenye vumbi la barabara. Kati ya aliyevaa jezi ya rangi ya chungwa ya Uholanzi na waliotia sahihi kandarasi ya Kamariny, nani ameitendea Iten haki?

Sasa upande unaonikasirisha. Ruth Jebet aliruhusiwa kukimbilia Bahrain mwaka 2013, akiwa na miaka 16. Yavi naye alihamia huko akiwa na umri huohuo, mwaka 2016. Huyo si mtu aliyepima uzalendo na mkate akachagua. Ni mtoto wa shule. Jebet alishinda Olimpiki ya Rio akiwa na miaka 19, akavunja rekodi ya dunia mwezi huohuo kwa 8:52.78, na mwaka 2020 alifungiwa miaka minne kwa EPO, dawa iliyopigwa marufuku ya kuongeza nguvu. Kosa la kutumia dawa ni lake na adhabu ni halali. Lakini siku alipofungiwa, shirikisho lake lilikuwa la nchi ambayo hakukulia, na kwao tulishamfuta. Nani alikuwa akimlea kati ya miaka 16 na siku hiyo?

Hapa ninapoishi, Uasin Gishu, binti wa jirani alishinda mbio za shule ngazi ya kaunti. Wiki haikupita, mwanamume mmoja akaja na gari, akaketi sebuleni, akatoa karatasi kadhaa za Kiingereza na kalamu. Mama akamwambia aziache hadi kesho ili mwalimu mkuu azisome. Mgeni akasema haziachwi. Mama akamwandalia chai, akamsindikiza hadi kwenye gari, karatasi zikaondoka bila sahihi. Ingekuwa nyumba nyingine, yenye deni la karo, sahihi ingepatikana kabla chai haijapoa.

Karibuni.

MCHANGIAJI, KAPSABET

Mimi ni kocha wa shule na sikubaliani nawe, japo la watoto tuko pamoja.

Viunzi na maji si mbio kama nyingine kwetu. Tangu Amos Biwott aliposhinda Mexico 1968, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki dhahabu ya wanaume ilikuja nyumbani, hadi Conseslus Kipruto pale Rio 2016. Tulikosa 1976 na 1980 kwa sababu hatukwenda. Barcelona 1992 walikuwa Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol, moja, mbili, tatu. Athens 2004 tukarudia. Mambo hayo hayafanywi na mtu mmoja mwenye mapafu makubwa. Kambini mmoja anavuta mbele mizunguko miwili, mwenzake anapokea, wa tatu anachunga Mzungu asipenye ndani. Wanafahamiana mpaka pumzi. Anayehama anaondoka na siri za kambi nzima, na kesho anasimama mstarini akijua nani huchoka mzunguko wa tano.

Pia hoja yako ya "wa nne" haitoshi. Mwaka 2025 jina la Brigid Kosgei lilitajwa kati ya Wakenya waliotaka kuhamia Uturuki. Kosgei ndiye aliyekimbia Chicago 2019 kwa 2:14:04 na kuvunja rekodi ya dunia, na kutuletea fedha ya Olimpiki mwaka 2021. Huyo si wa nne wa mchujo.

Nikupe na mfano wa aliyebaki. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube. Mwaka 2015 alirusha mita 92.72 Beijing akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akafika uwanja wa ndege kwenda Rio akaambiwa hana tiketi. Aliondoka baadaye, akarusha 88.24, akaleta fedha. Alikuwa na kila sababu ya kuhama na hakuhama. Mcheza kwao hutuzwa.

MTOA MADA

Kocha, heshima yako. Hutuzwa lini, ndilo swali langu. Yego hakukosa tiketi kwa bahati mbaya. Ile safari ya Rio iliishia mahakamani, na mwaka 2021 waziri wa zamani wa michezo Hassan Wario alipatikana na hatia kuhusiana na matumizi ya fedha za safari hiyo. Uzalendo uliodaiwa kwa Yego haukudaiwa kwa waliokuwa ofisini. Mimi namheshimu Yego kupita kiasi, ila sitaki uvumilivu wake uwe kisingizio cha kumwambia kila mwanariadha avumilie kama yeye. Ustahimilivu wa namna ile ni wa mtu mmoja mmoja. Hauwezi kuwa sera ya wizara.

Kuhusu kambi, umesema kweli na ni jambo ambalo mashabiki wa mjini hawalijui. Lakini tazama Athens uliyoitaja. Cherono, aliyekuwa bingwa wa dunia, hakukimbia Olimpiki ile kwa sababu Kenya ilikataa kumpa kibali, na kanuni ziliruhusu kukataa. Vijana wetu wakachukua medali zote tatu bila yeye. Siku chache baadaye Brussels akavunja rekodi ya dunia kwa 7:53.63. Kambi haikubomoka kwa kuondoka kwake. Ilipobomoka ni baadaye, na si kwa sababu ya waliohama: Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 tulipokonywa dhahabu na Soufiane El Bakkali, Mmoroko anayeikimbilia Moroko. Hapo hakuna wa kumwita msaliti, ndiyo maana hatukulijadili.

Kosgei ni mama na ni mtu mzima aliyekwisha kutoa alichotoa. Mwanariadha ana miaka michache ya kuingiza fedha kabla goti halijakataa. Akiona kwamba ameitwa kwenye timu kwa miaka na sasa jina linaruka, ana haki ya kutafuta pa kumalizia. Naumia kumwona akiondoka. Kuumia kwangu hakumfanyi kuwa na hatia.

MCHANGIAJI, MJI WA WOTE

Mimi ni mama wa Makueni. Yavi aliposhinda Paris tulishangilia na hatukumwomba mtu ruhusa. Shangazi zangu hawajui Bahrain iko wapi, wanajua ni mtoto wa nani. Wanaomwita msaliti walikuwa wapi alipokuwa akikosa nafasi kwenye timu za Kenya? Ukambani hatuna kambi kama za Iten. Nilikuwa na hilo tu.

MCHANGIAJI, DOHA

Ndugu zangu, niko huku Ghuba kwa kazi ya ulinzi. Mnabishana kuhusu Kenya imepoteza nini. Niulizieni mwanariadha amepata nini.

Huku kuna Wakenya waliofanya kazi miaka na miaka, na uraia hawaufikirii hata ndotoni, kwa sababu haupo. Mtu akija kupewa pasipoti kwa sababu ya miguu, afahamu kwamba iliyopewa pasipoti ni miguu, si yeye. Mkumbukeni Leonard Mucheru. Aliikimbilia Bahrain kwa jina la Mushir Salem Jawher. Januari 2007 alikwenda Israel akashinda marathoni ya Tiberias, na Bahrain ikamvua uraia kwa sababu ya kukimbia huko. Alikuwa ameshatoka Kenya wakati ambapo sheria yetu haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Mbio moja ikamwacha hana kwao wala ugenini.

Simwiti mtu msaliti. Ila vijana wasidanganyike kwamba wanabadilisha nchi. Wanabadilisha mwajiri, na mwajiri huyo ndiye ameshika pasipoti.

MTOA MADA

Asante sana ndugu wa Doha. Hili ndilo nilitaka mtu wa huko aliseme.

Niongeze la kisheria kwa sababu wengi bado wanaongea kama tuko mwaka 2003. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wa Kenya kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Aliyeupoteza zamani kwa sababu hiyo ana haki ya kuuomba tena, na kifungu cha 14 kimeliweka wazi. Kwa hiyo upande wetu, mlango hauna kufuli. Kijana akiambiwa na wakala kwamba "Kenya imekwisha kukufuta", huo ni uongo, na sijawahi kuona afisa wa serikali akienda Iten au Kaptagat kuwaeleza wanariadha jambo hilo kwa lugha wanayoielewa.

Vilevile tutofautishe wanaohama. Wilson Kipketer alikwenda Denmark kama mwanafunzi mwaka 1990, akaishi huko, akaongea lugha yao, akanyimwa Olimpiki ya Atlanta 1996 kwa sababu uraia ulikuwa haujakamilika, na mwaka 1997 akashusha rekodi ya mita 800 hadi 1:41.11. Ilivunjwa na nani? Na David Rudisha, wa Kilgoris, mwaka 2010, kisha Rudisha huyohuyo akaipeleka 1:40.91 pale London 2012. Bernard Lagat alisoma Marekani, akajenga maisha huko, na mwaka 2007 kule Osaka akaishindia Marekani mita 1500 na 5000. Hao ni wahamiaji kama daktari wetu aliyeko Manchester, ambaye hatumwiti msaliti. Wengi wa waliokwenda Bahrain na Uturuki wanaendelea kuishi na kufanya mazoezi hukuhuku Bonde la Ufa, wanapanda ndege kwenda mashindano na kurudi. Maisha yao ni ya Kenya, mkataba ndio wa kwingine. Kanuni iliyopaswa kuandikwa kwa ajili ya kundi hili la pili ilichelewa mno.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Majirani, nawafuatilia kwa makini maana na sisi tunakuja.

Septemba 2025 Tokyo, Alphonce Simbu wetu alishinda marathoni ya dunia kwa 2:09:48, sawa na Amanal Petros wa Ujerumani, ikabidi waamuzi waangalie picha. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania. Petros alizaliwa Eritrea, akafika Ujerumani kama mkimbizi. Hakuna aliyesema pale kwamba Petros ni Mjerumani wa bandia, na mimi nisingekubali asemwe hivyo.

Ila angalieni njia ya Simbu. Wa tano Rio 2016, shaba London 2017, wa saba Olimpiki ya Tokyo, kisha Paris 2024 akamaliza wa 17. Nchi nyingine zingemwona amekwisha. Yeye ni askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, mshahara unaingia hata mwaka ambao hakushinda. Ndiyo maana mwaka uliofuata alikuwepo Boston akawa wa pili, na Tokyo akawa wa kwanza. Watu wanasifu moyo wake, na moyo anao, lakini nyuma ya huo moyo kuna jeshi lililomlipa akiwa wa 17.

MTOA MADA

Rafiki wa Arusha ameeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi kule juu. Kulipwa ukiwa wa 17. Hapo ndipo Kenya tunakwama. Tunajua kumpokea aliyeshinda. Mwaka 2023 Faith Kipyegon alipovunja rekodi, Rais alimpa shilingi milioni 5 na milioni 6 za nyumba, na alistahili kila senti. Lakini zawadi ya aliyevunja rekodi haimfikii binti wa nne wa mchujo, na huyo ndiye wakala anayemtafuta. Wakala hana haja ya Kipyegon.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kwanza, wanaomaliza nafasi ya nne hadi ya nane kwenye mchujo wa kitaifa walipwe posho ya kila mwezi hadi mchujo unaofuata, bila kusubiri ajira ya Polisi. Kocha wa Kapsabet atasema fedha ziko wapi. Nitamjibu kwamba zilipatikana za kupeleka jopo la maafisa Rio.

Pili, na hili ndilo nisilolegeza hata kidogo: mtoto wa chini ya miaka 20 asihamishwe. Shirikisho la riadha la dunia lilisimamisha uhamisho wote mwaka 2017, na mwaka uliofuata likaweka kanuni: hakuna kuhama kabla ya miaka 20, kusubiri miaka mitatu, na kuhama mara moja tu maishani. Kanuni ni nzuri. Lakini inahesabu siku ya kuvaa jezi. Haihesabu siku ambayo karatasi inatiwa sahihi sebuleni. Wakala anaweza kumchukua binti akiwa na miaka 16, akamlipia shule, akamweka kambini na kumngojea afikishe umri. Hapo kanuni ya dunia haifiki. Inayoweza kufika ni sheria yetu wenyewe kuhusu mikataba ya watoto, na ofisi moja ya kaunti yenye wakili ambaye mzazi anaweza kumpelekea hizo karatasi bila malipo.

MCHANGIAJI, KAPSABET

Hilo la wakili nakuunga mkono kwa mikono miwili, na hata walimu wa michezo tuwekwe humo, kwa sababu wakala huanzia kwetu. Nimewahi kufuatwa nikiulizwa majina ya wasichana wa kidato cha pili wenye muda mzuri, na sikuyatoa. Wapo wanaoyatoa.

Ila kwa Kosgei na wenzake sijabadilika. Mtu ambaye bendera imemfuta machozi Olimpiki, akaenda kuvaa nyingine, mimi sitamshangilia. Siwezi kumzuia na sitamtukana. Nikimwona mstarini na Mkenya aliyebaki, ninajua nitampigia kelele nani.

MTOA MADA

Na mimi pia nitampigia Cherotich, Kocha. Tena kwa sauti. Hapo hatujapishana hata kidogo. Tulipopishana ni kwenye lile neno.

Naona mjadala umefika kwenye jambo ambalo hatuna ushahidi wa kutosha nalo hapa, yaani hizo karatasi zenyewe. Sote tunazizungumzia na wengi wetu hatujazisoma. Kama kuna mzazi, mwalimu au mwanariadha anayesoma hapa aliyewahi kuwekewa mkataba wa namna hiyo mezani, bila kutaja jina la mtu wala la kampuni, atuambie: uliandikwa kwa lugha gani, ulisema nini kuhusu mtoto akiumia kabla hajakimbia, na alipewa siku ngapi za kuufikiria?